Ukuta Haukulala

Kamba namba sitini na moja haikuja Jumatatu. Jumanne nayo haikuja. Jumatano asubuhi Odessa Gaddis alimwaga kapu la tatu sakafuni, akachambua kamba moja moja, asiione. Akajua basi, kijana anaondoka.

Pale Chuo cha Harlow kila mchezaji wa mpira wa helmeti, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, alikuwa na kamba yake yenye namba. Akitoka mazoezini anafunga humo soksi, fulana na kaptula, anaitupa kapuni. Kamba inaingia kwenye mashine ya kufulia na kutoka hivyo hivyo, wala soksi ya mtu haipotei. Odessa alikuwa dobi na mtunza vifaa wa timu kwa miaka ishirini na mitatu. Makocha sita walikuja na kuondoka, yeye yupo. Katika miaka hiyo alijifunza jambo ambalo hakuna kocha aliyelijua: mchezaji anayetaka kuhama haanzi kwa kusema. Anaanza na nguo. Anazichukua kidogo kidogo, anafulia kwake, na siku anapotangaza kuwa anaondoka, kabati lake lilishakuwa tupu siku nyingi.

Dirisha la uhamisho lilikuwa wazi tangu mwanzo wa Januari. Aliyetaka kwenda chuo kingine alipaswa kupeleka barua ofisini kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mlango unafungwa, aliyebaki amebaki. Kila mwaka dirisha hilo liliikausha Harlow. Kijana akionyesha makali msimu mmoja tu, vyuo vikubwa vinampigia simu mpaka akiwa kanisani, na Odessa anabaki na bisibisi mkononi akibandua jina kabatini.

Lakini mwaka huu ulikuwa tofauti. Mwezi Desemba Harlow walifika fainali ya ligi yao, wakashindwa kwa pointi moja. Moja! Na karibu kikosi chote kilikuwa kimebakiza mwaka mmoja wa kucheza. Wakibaki wote, Mississippi nzima itawasikia. Odessa alikuwa anastaafu mwaka ujao, na kitu alichokitaka kuliko saa ya ukutani watakayompa siku ya kumuaga ni kuona timu moja, angalau moja, ikirudi nzima.

Namba sitini na moja alikuwa Cortez Amacker, mtoa mpira. Ndiye anayeinama juu ya mpira, akaupitisha katikati ya miguu yake kwenda kwa mrushaji aliye nyuma, halafu akasimama kupigwa kifua na majitu yenye mwili kama wake. Kushoto kwake wawili, kulia kwake wawili, wote watano wanaitwa ukuta. Kazi ya ukuta ni mrushaji asiguswe. Hakuna mtoto anayemwomba mtu wa ukuta amsainie fulana.

Odessa alifuta mikono akapanda ngazi mpaka kwa Kocha Renfroe.

Dwight Renfroe alikuwa amezama kwenye simu, karatasi za mabango zimetapakaa mezani, kila bango lina sura ya Tavion Leake, mrushaji. Kesho yake, Alhamisi, kulikuwa na hafla kwenye ukumbi wa mazoezi. Tavion angetangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba anabaki Harlow.

"Bi Odessa! Hebu niambie, picha ipi nzuri? Hii anayocheka au hii aliyokunja sura?"

"Kocha, Cortez anaondoka."

"Cortez gani?"

"Kwani tuna Cortez wangapi?"

Kocha aliweka simu chini, akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. "Amekwambia?"

"Kamba yake haijaja siku tatu."

"Kamba!" Aligeuka kumtazama msaidizi wake kana kwamba wote wawili wamesikia kichekesho. "Mama yangu, vyuo vinaiba warushaji. Vinaiba wakimbiaji. Nani anaiba mtoa mpira? Na Cortez ni kijana wa kwetu, yule hata ukimfukuza hatoki. Tavion akibaki, wote wanabaki. Wewe nisafishie zile jezi za hafla, mengine niachie."

Odessa alishuka ngazi. Hakuwa na mazoea ya kubishana na watu. Alizisafisha jezi.

Saa nane mchana Cortez mwenyewe akaja. Alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, akaujaza mlango wote, helmeti kwapani, pedi za mabega zinaning'inia mkononi.

"Shikamoo, Bi Odessa. Nimeleta vitu vya chuo."

"Marahaba. Weka hapo." Alimwacha aviweke. "Unaenda wapi?"

Cortez aliangalia viatu vyake. "Caddell."

Odessa alipiga mluzi. Caddell ilikuwa na uwanja wa watu elfu tisini. "Wamekuona lini hao?"

"Kocha wao wa ukuta anampigia bibi yangu kila siku wakati wa chakula. Anamuuliza goti linaendeleaje. Juzi bibi kaniambia, 'Cortez, huyu mzungu anaijua dawa ya goti langu kwa jina, na kocha wako wa hapa hajui hata kama nina miguu.'"

Odessa alicheka, Cortez naye akacheka kidogo.

"Ila si kwa ajili ya simu, Bi Odessa. Simu ningezivumilia."

"Ni gazeti."

Cortez aliinua kichwa.

Baada ya fainali, Kocha Renfroe alikuwa amesimama mbele ya vipaza sauti, macho mekundu, akasema maneno matatu tu kuhusu pigo la mwisho: "Ukuta wetu ulilala." Kesho yake maneno hayo yalikuwa ukurasa wa kwanza. Kule kwao Cortez, kwenye mabwawa ya kambare, bibi yake Earline anafanya kazi ya kuchuna samaki kiwandani. Wenzake wa kiwandani walilikuta gazeti kwenye meza ya chakula. Mwezi mzima Cortez akienda dukani watu wanamwuliza, "Vipi, umeamka?"

"Ulikuwepo," Cortez alisema. "Ulikuwa umesimama na lile boksi lako la zana, hatua tatu kutoka kwake. Uliona."

"Niliona."

"Na hukusema."

Hakusema kwa hasira. Alimpigia saluti ndogo ya vidole viwili, kama kawaida yake, akaondoka. Odessa alikaa juu ya ndoo ya sabuni akaiangalia ile helmeti.

Aliona, ndiyo. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini, Harlow wako nyuma kwa pointi moja, wamebakiza hatua chache kufika mstari wa goli. Cortez alishainama juu ya mpira. Ghafla akawaona wapinzani wawili wakijisogeza upande wa kushoto kimyakimya, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Akanyoosha kidole kushoto: ukuta uhamie huku! Na pembeni mwa uwanja, hatua tatu kutoka kwa Odessa, Kocha Renfroe akapunga mkono: hapana, kulia, kama tulivyopanga. Cortez akageuza kichwa, akamwona kocha, akashusha kidole. Wale wawili wakapita kushoto kama mlango umeachwa wazi. Tavion akaanguka, mpira ukamtoka ukaokotwa na wapinzani, mchezo ukaisha.

Kazi ya Odessa ilikuwa nguo na skrubu za helmeti. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema. Alidhani ndiyo heshima.

Aliinuka. Akafungua kabati la nyuma, akatoa suruali nyeupe mbili, akapanda ngazi kwa mara ya pili siku hiyo.

Safari hii Tavion naye alikuwemo ofisini, anajaribu suti ya kuvaa kesho, imebanwa kwa pini kila mahali. Kocha alikuwa anamsifu.

"Kocha, naomba dakika tano," Odessa alisema. "Na Tavion akae."

Pengine ilikuwa ile sauti yake, maana hawakuwahi kuisikia namna hiyo. Kocha alikaa.

Odessa alitandaza suruali ya kwanza juu ya mabango, juu ya sura zote za Tavion. Sehemu ya makalio ilikuwa na doa la kijani toka mfuko hadi mfuko, na kwenye goti doa la kahawia. "Hii ni ya mrushaji wa miaka mitatu iliyopita, kabla Cortez hajaja. Nimeisugua kwa brashi, nimeiloweka, nimeipaka kila dawa. Majani hayakutoka. Kila Jumapili nilikuwa nikifua namna hii." Akatandaza ya pili. Ilikuwa nyeupe kama shuka la hoteli. "Hii ni yako, Tavion. Ya msimu mzima. Mechi nyingine nilikuwa naifua kwa ajili ya jasho tu."

Tavion aliishika, akaigeuza. Pajani palikuwa na alama moja ya majani, ndogo, imefifia.

"Hii je?"

"Hiyo ni fainali. Pigo la mwisho."

"Waliposinzia," alisema Kocha, na papo hapo akaonekana kujutia.

"Hawakusinzia, Kocha." Odessa alishika ukingo wa meza. "Cortez aliwaona wale wawili. Alinyoosha kidole kushoto. Wewe ukampungia mkono arudishe kulia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako."

Msaidizi wa kocha alianza kukusanya karatasi ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

"Sikupunga mkono," Kocha alisema. "Nimeitazama video ile mara hamsini."

"Video inapigwa kutoka juu ya goli. Wewe huonekani humo."

"Bi Odessa, miaka yote hii hujawahi kuniambia neno hata moja kuhusu mpira."

"Hukuwahi kuniuliza. Na mimi nilikosea kusubiri kuulizwa. Iweke, tuitazame."

Waliiweka. Kwenye skrini, Cortez mdogo kama kidole aliinama juu ya mpira. Kidole chake kikanyooka kushoto. Halafu, jambo ambalo Kocha alikuwa amelitazama mara hamsini bila kuliona, kile kichwa kikubwa kikageuka kuelekea pembeni mwa uwanja, kikatulia kidogo, na kidole kikashuka.

"Irudishe," Kocha alisema.

Waliirudisha mara nne. Mara ya nne hakuna aliyeangalia skrini, wote walimwangalia Kocha. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Alikuwa ananiangalia mimi," alisema taratibu. "Na mwezi mzima kijana hajasema neno."

Tavion alikuwa ameanza kuchomoa pini za suti, moja baada ya nyingine. "Mimi kesho sitangazi kitu."

"Tavion, mwanangu..."

"Nani atanitolea mpira, Kocha? Wewe? Bango?" Alilitupa koti kitini. "Cortez akienda, naenda. Siyo kwa kukukomoa. Naipenda mifupa yangu. Wewe umenitafutia gari, umenitafutia picha, na mtu anayenifanya niitwe Tavion hujamtafutia hata samahani."

Kocha aliinuka kuchukua funguo za gari. "Nitakwenda kwao sasa hivi. Nitamwomba radhi."

"Sebuleni kwa bibi yake?" Odessa aliuliza.

"Ndiyo."

"Ulimtukana sebuleni kwa bibi yake?"

Kocha alisimama na funguo mkononi. Alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mjinga. Alizirudisha mezani. Usiku ule hakwenda mtu kokote. Odessa alipiga simu moja tu, kwa Earline Amacker, dada mwenzake wa kwaya ya wilaya, akamwomba afike na mjukuu wake kwenye hafla kesho, hata kama ni kwa ajili ya chakula.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Bendi ya matarumbeta ilikuwa jukwaani na sare za njano na nyeusi, kambare wa kukaanga na makaroni wananukia toka mlangoni, waandishi wa habari wamepanga kamera zao mbele. Cortez alikuwa nyuma kabisa, ukutani, na koti lake la safari. Barua ya uhamisho ilikuwa kwenye mfuko wa kifua, ncha yake inaonekana. Bibi Earline alikuwa pembeni yake kwenye kiti, sahani mapajani.

"Hawa samaki wamekaangwa na mtu anayewachukia," alimwambia Odessa. "Haya, tumekuja. Nini tena?"

"Subiri, dada Earline."

Bendi ilinyamaza. Watu walianza kuita, "Ta-vi-on! Ta-vi-on!" Tavion alikaa kimya kitini kwake, na Kocha Renfroe akaenda kwenye kipaza sauti peke yake. Karatasi ya hotuba aliikunja akaiweka mfukoni.

"Mwezi uliopita," alianza, "nilisimama mbele ya kamera hizi hizi nikasema ukuta wetu ulilala."

Mtu mmoja wa mbele alishusha uma.

"Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini aliyeumia hakuumia kidogo kwa sababu mimi sikujua. Cortez Amacker aliwaona wale watu. Alinyoosha kidole mahali penyewe hasa. Mimi ndiye niliyempungia mkono aache. Alinitii, tukashindwa, nikampa yeye lawama, na yeye akanifichia aibu yangu mwezi mzima wakati watu wanamcheka dukani." Aliwageukia waandishi. "Ukuta haukulala. Aliyelala ni mimi. Waandishi, naomba muandike hivyo, na muandike ukurasa ule ule."

Halafu Bibi Earline, bila kuinuka kitini, akasema kwa sauti iliyofika jukwaani, "Na herufi ziwe kubwa vile vile!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakapiga miguu chini. Watu wanne wa ukuta waliruka viti kwenda nyuma kumkumbatia mwenzao, jengo likatikisika. Kocha alisubiri kelele zipungue.

"Sijamaliza. Cortez, najua Caddell wanakutaka, na wana akili kukutaka. Sina uwanja wa watu elfu tisini. Nina kitu kimoja tu cha kukupa. Kuanzia leo, ukishainama juu ya mpira, neno lako ndilo la mwisho. Ukisema kushoto, ni kushoto. Nikipunga mkono, usiniangalie."

Cortez alikuja mbele polepole, watu wanampisha. Alipofika jukwaani alisimama akimtazama Kocha kwa muda, mpaka Kocha akaanza kutokwa na jasho.

"Hata ukiruka ruka?"

"Hata nikivua shati."

"Tafadhali usivue," Tavion alisema kutoka kitini, "tuna watoto humu."

Cortez alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kama yeye, na Odessa, aliyekuwa nyuma kabisa, alikisikia kikimwingia kifuani. Kijana aliichomoa barua mfukoni, akaichana mara mbili, akazitia zile karatasi kwenye mfuko wa mbele wa koti la Kocha, akampigapiga juu yake. Matarumbeta hayakusubiri ishara ya kiongozi. Yalilia yote kwa pamoja, hovyo, kila mtu na wimbo wake, na hakuna aliyejali.

Katikati ya kelele hizo simu ya Cortez ikaita. Aliitazama, akaona namba ya kocha wa Caddell, akampa bibi yake. Ilikuwa saa ya chakula.

"Ndiyo, mwanangu," Bibi Earline alisema, kidole kimeziba sikio la pili. "Goti halijambo, ahsante. Hapana. Hapana, haji. Ana kazi huku... Mimi nami nasikitika, wewe ni kijana mwenye adabu. Ukipita njia hii siku yoyote njoo nikukaangie samaki, maana hawa wa hapa ni balaa." Akakata. "Maskini. Nilianza kumpenda."

Ijumaa, saa kumi na nusu, Odessa alifunga mashine mapema akaenda kusimama nje ya ofisi ya uhamisho. Alikuta hayuko peke yake. Karibu timu nzima ilikuwa imekaa kwenye ngazi na kwenye nyasi, wanazomeana, wanakula karanga za kuchemsha. Kila mtu aliyekaribia mlango, hata mwalimu wa hesabu aliyekuwa anapita zake, alipigiwa kelele mpaka akageuza njia.

Saa kumi na moja kamili mlango ulifunguliwa, na karani, Lorraine Busby, akatoka na mkoba wake. Alishangaa kuona umati.

"Bi Lorraine, wangapi?" Tavion aliuliza.

"Wangapi nini?"

"Mama, usitutese! Wangapi wameleta barua?"

Lorraine aliingiza ufunguo, akazungusha, akajaribu kitasa kuhakikisha. Kisha akawageukia.

"Miaka minane niko kwenye meza hii," alisema. "Leo nimemaliza kufuma sweta zima. Tangu dirisha lifunguliwe, hakuna aliyekuja. Hata mmoja."

Odessa hakusikia kilichofuata kwa sababu alikuwa amenyanyuliwa juu. Vijana watano wa ukuta walimbeba kama mwari, yeye anapiga kelele wamshushe, ana miaka sitini na mmoja, kiatu kimoja kimemtoka, na wao wanaimba jina lake kuelekea uwanjani. Mvua ya Januari ilikuwa imeanza kunyesha, nyembamba, baridi. Walimweka juu ya benchi la wachezaji kama malkia. Halafu Cortez akawapanga wenzake pale pale kwenye tope, na suruali zao za darasani, akainama juu ya mpira ambao mtu aliuleta.

"Kushoto!" alinguruma, na ukuta wote ukahamia kushoto, mzito, kwa pamoja.

Kocha Renfroe alifika akikimbia kutoka ofisini, tai imerukia begani. Alifungua mdomo kusema jambo. Odessa, kutoka juu ya benchi, alimtazama tu. Kocha akaufunga, akasimama kwenye mvua pamoja na wengine, akatazama.

"Tena!" Cortez alisema. "Kushoto!"